Kidole Kando ya Yakuti

Mkunazini, Unguja
8 Juni 1970

Kwako mwanangu Miraji, Mola akupe afya na akukinge na jicho la watu. Sisi hatujambo. Mguu wangu wa kulia ni ule ule, asubuhi mzito, jioni unakubali. Dada yako Wanu kajifungua mwanamume, wamemwita Mcha, jina la babu yenu, na sauti nayo kachukua ya babu yenu, mtaa mzima hatulali. Sukari tunapata, mchele kwa foleni.

Barua yako imefika. Bahasha ilikwisha kufunguliwa ikagundishwa tena, gundi yenyewe imekwenda upande. Na kwa kuwa umeandika kwa herufi za Kizungu, nlimpelekea Bi Sichana anisomee. Akasoma salamu vizuri, akafika kwenye picha, akaisogeza dirishani. Nkamwambia, "Mbona umesita?" Akasema, "Bi Kidawa, jiwe hili kubwa kama yai la kuku. Mwanao analipata wapi?" Nkacheka, lakini kicheko hakikushuka moyoni.

Mwanangu, wewe ulikwenda Arusha kupiga picha za watu: maharusi, watoto, picha za pasi. Sasa waniletea jiwe jekundu la nyuso nyingi, linawaka kama kaa, limejaa karatasi nzima. Nani mwenye jiwe kubwa namna hiyo akamwachia kijana mgeni? Ni la nani? Isiwe la wale walioondoka mwaka wa Mapinduzi. Mambo ya hapa wayajua. Mtu akisikiwa ana kito ndani haulizwi kama ni kizuri, huulizwa kakipata kwa nani. Picha nimeitia chini ya godoro, na kila nkigeuka naiona inanichoma ubavu. Bi Sichana nimemkanya asiseme, lakini Bi Sichana na siri ni maji na tenga.

La pili, na ndilo kubwa. Shemsa. Bi Sichana hakuniuliza kwa mdomo, kaniuliza kwa kuikunja barua polepole. Posa ya binti yake huyo nlipeleka mie, kwa kauli yako wewe, umekaa barazani kwangu unakula halua. Msichana anangoja. Niambie unakuja lini.

Na unijibu kwa herufi za chuoni, za Kiarabu, kama hivi ninavyoandika mie. Ukisomwa na mama wa msichana, wewe utasema nini na mie ntasikia nini?

Mama yako,
Kidawa binti Mjaka


Arusha
1 Julai 1970

Mama yangu mpenzi, shikamoo. Nimefurahi kusikia habari za Mcha mdogo. Mpake mguu mafuta ya nazi yaliyopashwa moto. Huku baridi kali, asubuhi mvuke unatoka mdomoni kama mtu anavuta sigara.

Usiwe na wasiwasi juu ya picha. Jiwe lile halifiki punje ya choroko. Tajiri wangu ananunua mawe kwa wachimbaji wenye vibali, anayachongesha, na mie nayapiga picha kwa karibu sana ili wanunuzi wa Ulaya waone rangi kabla hawajaja. Baina ya kamera na lenzi natia mfuko wa ngozi unaokunjuka kama kinanda. Ukiukunjua, kidogo kinakuwa kikubwa. Unyoya wa vumbi unaonekana kama kipande cha kamba. Jiwe nalisimamisha kwa nta, nalizungushia karatasi nyeupe kama chandarua, kwa sababu kila uso wa jiwe ni kioo: usipoangalia, unajikuta umepiga picha ya pua yako ndani ya yakuti. Picha za rangi zinakwenda kusafishwa Nairobi, ndiyo maana zinakawia.

Kazi ni halali, mama. Wasalimie wote nyumbani kwa Bi Sichana.

Mwanao,
Miraji


Mkunazini
20 Julai 1970

Kwa Miraji. Salamu zako zimefika, na mafuta ya nazi nimepaka, mguu umenuka mkate wa mofa lakini haukupona. Wanu kaanza kutoka nje. Paka wetu kafa, alikuwa mzee.

Mwanangu, jiwe umenieleza kurasa mbili, Shemsa umempa mstari, tena humo hukumtaja jina. Nimeona. Sijasema kitu.

Bi Sichana kama nlivyosema. Kafika bombani na ndoo yake, kawaambia wenzake, "Miraji anashika mawe kama mayai." Jioni akaja Bwana Mmanga wa tawi la chama. Kakaa barazani, kanywa kahawa, kasifu kahawa. Kauliza Miraji hajambo? Nkasema hajambo. Anafanya kazi gani? Nkasema mpiga picha. Akanywa tena, akauliza anafanya kazi gani. Nkamwambia, "Bwana Mmanga, jawabu ni lile lile, labda kahawa ndiyo imebadilika." Akacheka, lakini kikombe hakukiweka chini.

Hiyo choroko yako mie naikubali kwa sababu nimekuzaa. Bwana Mmanga hakukuzaa. Basi nipigie jiwe hilo hilo, uweke pembeni kitu tunachokijua. Weka punje ya mchele, weka kidole cha mtu, weka chochote, aone kipimo chake. Na haraka, mwanangu. Silali.

Mama yako


Arusha
17 Agosti 1970

Mama, shikamoo. Namwombea paka rehema ikiwa inafaa. Picha hiyo humo ndani. Jiwe ni lile lile, na pembeni ni ncha ya kidole. Mwonyeshe Bwana Mmanga, na umwambie kidole ni cha mtu mzima, si cha mtoto mchanga.

Kazi nyingi, nisamehe kwa ufupi. Salamu kwa wote.

Miraji


Mkunazini
5 Septemba 1970

Kwa mwanangu Miraji, baada ya kukuombea kheri. Wanu na wanawe wanakusalimu. Mvua za mchoo zimepita bila kututazama.

Picha imefanya kazi. Bwana Mmanga kaitazama akapiga paja: "Kumbe dogo kama chawa!" Kamaliza kahawa yake, kaweka kikombe, kaondoka. Mtaa umetulia. Alhamdulillahi, hilo limekwisha.

Sasa langu. Watu walitazama jiwe, mie nkatazama kidole. Wewe umekikuza kama ulivyolikuza jiwe, kimekuwa kama kinu. Ncha yote nyekundu imeiva, na ukucha nao mwekundu. Hiyo hina, Miraji. Si hina ya kupaka ukaosha ukenda sokoni. Ni hina iliyolala mkononi usiku kucha, ikafungwa kitambaa, na huyo aliyeipaka akalishwa kwa mkono wa mwenziwe kwa kuwa wake umeshikwa. Nimewapaka maharusi wa mtaa huu tangu hujazaliwa, usinifundishe.

Kidole hicho cha nani?

Sijamwonyesha Bi Sichana. Kauliza picha iko wapi, nkamwambia Bwana Mmanga kaichukua. Nimesema uongo kwa ajili yako, na sijui bado ni kwa ajili ya nini.

Mama yako


Arusha
28 Septemba 1970

Mama, shikamoo, na pole kwa mawazo. Nimecheka peke yangu hata mwenzangu chumbani akaniuliza kulikoni.

Kidole kile ni cha Mzee Borafya, mchongaji wetu. Mawe yanang'arishwa kwenye gurudumu, na unga wa kung'arishia ni mwekundu kama udongo wa Bungi. Unaingia kwenye ngozi, unaingia kwenye kucha. Mzee wa watu ana vidole kama biharusi kwa sababu ya kazi! Mie mikono yangu yote miwili iko kwenye kamera, basi nlimwomba yeye anyooshe kidole.

Ndiyo hivyo tu, mama. Vipi mguu?

Miraji


Mkunazini
11 Oktoba 1970

Kwa Miraji, mwanangu. Nimesoma kuhusu Mzee Borafya, na mie nimecheka. Mpe salamu nyingi, mwambie mama yako amemwonea. Mguu ule ule.

Ramadhani inakaribia. Wanu kaniletea tende. Na kuna jambo: kwa Bi Sichana imekuja posa nyingine. Hamad Shaame, mtu wa Tumbatu, anafanya kazi bandarini. Kijana mtaratibu, akisalimia anasimama. Bi Sichana kamjibu kwamba msichana ana mchumba. Lakini kaka yake Bi Sichana atakuja Mfunguo Mosi, baada ya Idi, na yeye ndiye atakayekata shauri. Ikiwa unakuja, sema, nitamwambia angoje. Ikiwa huji, sema. Msichana si nguo ya kuanikwa kamba moja misimu yote.

Mengine ni madogo. Ile picha imenipendeza. Nipigie jiwe la rangi nyingine, la buluu, ninalosikia linachimbwa huko kwenu. Na Mzee Borafya aweke tena kidole, kile kile, nipate kulinganisha.

Mama yako


Arusha
2 Novemba 1970

Mama, shikamoo na Ramadhani njema. Hiyo picha ya buluu. Hili gumu kupiga: ukiligeuza kidogo linakuwa la zambarau, na mwanga ukizidi linakufa, linakuwa kama kipande cha chupa. Siku nzima imekwenda. Na Mzee Borafya ameweka kidole chake kama ulivyotaka. Anakurudishia salamu.

Mambo ya Hamad nimeyasikia. Nitaandika vizuri baada ya Idi. Usiwajibu kitu.

Miraji


Mkunazini
25 Novemba 1970

Kwa Miraji. Kumi la mwisho hili, nakuombea kila usiku, na leo nimeomba sana. Sisi wazima.

Picha ya buluu nimekaa nayo mlangoni, kwenye mwanga, nkaiweka ubavuni na ile nyekundu. Kidole ni kile kile, kweli. Kuna kovu dogo pembeni, kama la kisu cha kumenyea, lipo kwenye zote mbili. Basi tazama na wewe, maana ulitazama jiwe tu.

Ngozi sasa ni safi. Wekundu wa ncha umetoka wote. Lakini ukucha una mstari. Juu ya mstari, kuelekea ncha, mwekundu. Chini yake, kuelekea nyama, mweupe kama ulivyoumbwa. Ukucha umeota, mwanangu, na hina imepanda nao. Ingekuwa ni unga, ulipotoka ngozini ungetoka na kwenye ukucha. Na mtu anayeshika unga kila siku, ukucha wake ungekuwa mwekundu mpaka shinani. Huyu kapakwa siku moja, hina ikakesha mkononi. Ya harusi.

Na usiniambie sasa kwamba Mzee Borafya anatia hina ndevuni.

Nakuuliza kwa maziwa niliyokunyonyesha: umeoa? Kama umeoa si dhambi. Kuoa ni sunna, na mtu wa kunificha mie sunna simfahamu. Lakini kuna mtoto wa watu hapa kakaa kwa kauli yangu. Kaka yake Bi Sichana yuko njiani. Nijibu neno moja, ndiyo au siyo. Nataka kabla hajafika.

Mama yako


Arusha
9 Desemba 1970

Mama, shikamoo. Idi Mubarak, nisamehe sikuandika mapema, tajiri alikuwa na wageni na picha zilikuwa nyingi.

Mambo ya kucha tuyaache. Mie nimeamua. Nitakuja Mfunguo Tatu, kabla ya Idi Kubwa, tufunge ndoa na Shemsa. Mwambie Bi Sichana aanze matayarisho, na huyo Hamad arudi kwao. Shemsa atakaa na wewe hapo, akusaidie na mguu, na mie nitakuwa nikija.

Ya huku ni ya huku, mama. Hayakufikii wewe wala yeye.

Mwanao,
Miraji


Mkunazini
20 Desemba 1970

Kwa Miraji. Idi tumeila salama. Wanu katuletea bokoboko. Jawabu lako sijaliona. Kila siku nauliza posta, wanasema barua za bara bado.

Kaka yake Bi Sichana alifika Ijumaa. Nikaitwa. Nlivaa buibui langu la kwendea matangani, maana nlijua nnakwenda kuzika. Wamekaa yeye, Bi Sichana, na Shemsa nyuma ya pazia. Bi Sichana akaanza: "Haya Bi Kidawa, mwanao anakuja au anapiga picha?"

Nkasema, "Posa naiondoa."

Kaka mtu akauliza, "Kaandika?" Nkasema, "Hajaandika."

"Basi umejuaje?"

Nkazitoa picha zote mbili, nkaziweka mkekani. Bi Sichana akainama, akatazama, na yeye ni mpakaji hina kama mie. Alifahamu bila ya kuelezwa. Lakini akasema, "Unavunja posa ya mwanangu kwa ukucha?"

"Kwa ukucha."

"Na akija kesho, akasema ulikosea?"

Nkasema, "Ntakuwa nimekosea mbele yenu nyote, na mtanicheka mpaka nife. Lakini nkinyamaza na ikawa kweli, atakayelia ni mmoja, na hana kosa."

Hapo Shemsa akasema nyuma ya pazia, na hajapata kusema mbele ya mjomba wake: "Afadhali, mama. Hamad angalau nkimwita anaitika naam." Mjomba akakohoa kuficha kicheko. Bi Sichana hakucheka. Hajaja kwangu tangu siku ile, na maji aliyokuwa akiniletea sasa naletewa na Wanu.

Shemsa atafungishwa ndoa na Hamad kabla mwezi haujesha. Nimefanya hili bila kujua kwa yakini. Ikiwa nimekosea, niambie upesi.

Mama yako


Mkunazini
14 Januari 1971

Miraji. Mcha mdogo ana jino. Mguu ule ule.

Barua yako ya tarehe tisa Desemba imefika jana, imefunguliwa na kugundishwa. Shemsa kesha olewa. Nakushukuru kwa kunitoa wasiwasi: sikukosea.

Hukusema ndiyo, hukusema siyo. Umesema ya huku ni ya huku. Basi na huyo wa huko hukumwambia ya huku, nnajua, kwa sababu mwanamke aliyeambiwa hawezi kunyoosha kidole kwa utulivu namna ile.

Ungetaka wake wawili ungesema, ungeruhusiwa, ukaulizwa utawapa nini sawasawa. Wewe ulitaka kila mmoja adhani ni peke yake, na mie niwe mlinzi wa mlango.

Humu ndani kuna karatasi nyingine. Si yako. Mpe mwenyewe. Isipokuja jawabu kwa mkono wake, ntapanda meli na mguu wangu huu mbovu nije nimuulize mlangoni kwako.

Bado ni mwanangu. Kula vizuri, na uvae sweta.

Mama

*

Kwako mke wa mwanangu, nsokujua jina. Salamu zangu zikufikie na wazee wako. Mie ni mama yake Miraji, niko Unguja, Mkunazini, mzima ila mguu. Nimekuona kidole tu, na nimekupenda kwa kile kidole, maana hina yako ilipakwa na mtu anayejua.

Harusi yako sikuitwa. Sikulaumu, nadhani hukuambiwa kama kuna wa kuitwa.

Jambo hili nakuambia kwa sababu ningelikuwa na binti huko ningetaka aambiwe. Mwanangu alikuwa na mchumba hapa. Mwezi wa Desemba aliniandikia nitayarishe harusi. Mie nimekataa, na msichana kapata mume wake.

Niandikie mwenyewe. Nataka kujua wewe ni mtoto wa nani na unakula nini ukiumwa.

Mama yako, ukipenda,
Kidawa binti Mjaka


Pangani
21 Februari 1971

Kwa mama Bi Kidawa, shikamoo. Natumai mguu umepata nafuu. Wazee wangu hawajambo, wanakusalimu.

Naitwa Mwanakombo binti Nahodha. Nina umri wa miaka ishirini na moja, na herufi hizi nilifundishwa na bibi yangu. Tulioana mwanzo wa mwezi wa nane, hapa hapa Pangani. Siku ile babangu aliuliza wazee wa bwana harusi wako wapi, Miraji akajibu kuwa njia za Unguja zimefungwa na barua hazifiki. Tulimwonea huruma.

Barua yako alinipa, mama. Aliogopa utakuja. Lakini katikati palikuwa na mistari iliyopakwa wino mweusi, akasema ni wewe uliyekosea ukafuta. Nikaona haya kumwambia siamini. Mtu anayeandika kwa adabu namna ile angekata kwa mstari mmoja, asingepaka kama anayeziba tundu.

Alipokwenda Nairobi na filamu nikaipeleka karatasi chumba cha kazi. Nimekuwa nikimsaidia, najua taa zake. Jiwe likiwa na mkwaruzo usioonekana, halimulikwi kutoka juu. Taa inalazwa ubavuni, mwanga upite juu ya uso wake, na mkwaruzo unatoa kivuli. Wewe unakandamiza kalamu, mama. Wino wake ulifunika rangi, haukujaza mashimo ya kalamu yako. Nilisoma neno moja moja mpaka mwisho.

Sikumwambia. Aliporudi alinikalisha, akanisimamia, nikakuandikia barua ya kurasa tatu ya shukrani na furaha. Aliisoma akaigundisha mwenyewe. Huenda imekwisha fika. Ina jina langu, lakini usiiweke moyoni. Nilipomaliza nikamwomba ruhusa nije kumtazama mama yangu mgonjwa. Mama yangu haumwi.

Ukiniuliza nakula nini nikiumwa, nakula uji wa mchele na ndimu.

Sijaamua kitu. Wazee hapa bado sijawaambia, kwa sababu wakishajua wataamua wao. Wewe ndiye uliyemzaa na wewe ndiye uliyemkataza, kwa hiyo nakuuliza wewe: huyu ni mtu wa kurudiwa? Nijibu kwa anuani ya babangu iliyo nyuma ya bahasha, na uandike kwa kukandamiza vile vile. Nitangoja neno lako kabla ya lake.

Mwanao,
Mwanakombo